Mjadala: Mbunge huru kuiunga mkono bajeti ya serikali, ni haki au ni biashara?

Mkaazi wa Dublin:
Ndugu zangu, mtaa ninaoishi ulikuwa katika jimbo la Tony Gregory, mbunge huru, yaani asiye na chama, na wazee wa hapa bado wanamtaja kama mtu wa nyumbani kwao. Januari 1982 serikali ya Waziri Mkuu wa Ireland, Garret FitzGerald, ilianguka kwa kura 82 dhidi ya 81, kwa sababu bajeti yake iliweka VAT kwenye nguo na viatu, vya watoto vikiwamo, na Jim Kemmy, mwashi wa Limerick na mbunge huru ambaye mpaka hapo alikuwa akiibeba serikali ile, akaikataa. Uchaguzi wa Februari ukamwingiza Gregory bungeni, naye hakuwa na chama. Charles Haughey wa upinzani alipohitaji kura yake ili awe Waziri Mkuu, Gregory alidai mkataba wa maandishi, akamweka Mick Mullen, kiongozi wa chama cha kutetea wafanyakazi, kuwa shahidi, kisha akausoma mbele ya Bunge zima: nyumba mpya 440 jimboni, ekari 27 za bandari zirudi kwa umma, kiwanda cha karatasi cha Clondalkin kitaifishwe. Baada ya hapo akaiunga mkono serikali na bajeti yake ya Machi. Mimi nasema alifanya sawa, kwa sababu mbunge huru hana zamu ya uwaziri wala kamati ya chama ya kumtetea. Mtaji wake ni kura moja. Nyinyi mnaonaje?

Mwana wa Kisauni:
Kaka, sitagusa mengine kabla ya neno hilo "mtaji". Mtaji ni wa mwenye duka, ilhali kura ya mbunge ni amana ya watu waliopanga foleni tangu alfajiri. Sisi Kenya tuliiona kura ikigeuzwa mtaji tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa 195 dhidi ya 106 huku vijana wakipigwa risasi nje ya Bunge, na siku iliyofuata Rais mwenyewe akakataa kuutia saini. Katiba yetu, ibara ya 103, inamnyang'anya kiti mbunge huru akijiunga na chama, lakini haimzuii kuketi na serikali kuanzia wiki ya kwanza mpaka uchaguzi mwingine. Ndugu zetu wa Tanzania sijui watachangia nini hapa, kwa kuwa mgombea binafsi mahakama zao zilikwisha kumfungia mlango mwaka 2010.

Wakili wa Dodoma:
Maneno hayo ya mwisho yameniumiza, na tena yana upungufu. Mahakama Kuu ilimkubali mgombea binafsi tangu 1994 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, serikali ikabadili Katiba, na uamuzi wa 2010 unaoutaja ni wa Mahakama ya Rufaa. Lakini safari haikuishia hapo. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitamka kwamba Tanzania ilivunja haki za Mtikila. Kwa hiyo usituhesabu kama watu wasiojua wanachokikosa. Na kwenye bajeti tuna la kusema kuliko wengi: kwetu majina ya wabunge huitwa moja moja, kila mmoja akajibu ndiyo au hapana, na ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likiikataa bajeti. Anayeitwa jina katika hali hiyo anafikiria kiti chake kwanza, na mkataba wa kudai nyumba 440 hauwezi kuzaliwa humo.

Mama Salha, Tanga:
Wanangu, mmegombania mahakama mkavipita viatu. Mimi mguu wa mtoto huupima kwa uzi, nafunga fundo, naenda na uzi wangu mnadani, na kiatu nakichukua kikubwa kwa kidole kimoja ili kifike mwaka mwingine. Mbele natia kitambaa. Nimewahi kusoma kwamba serikali ile ya FitzGerald ilijitetea kuwa viatu vya watoto visingeweza kusamehewa kodi, maana wanawake wenye miguu midogo wangevinunua wao. Mtu anayesema hivyo hajawahi kushika uzi wa namna hiyo. Kemmy aliyekataa ndiye mbunge huru ninayemwelewa.

Mkaazi wa Dublin:
Mama, shikamoo, na nakubali. Neno "mtaji" nalifuta pia, kwa heshima ya kaka wa Kisauni. Lakini Kemmy alirudi bungeni Februari, akakipoteza kiti Novemba mwaka uleule, ilhali Gregory aliishikilia Dublin ya kati mpaka alipofariki Januari 2009, ingawa serikali ya Haughey ilianguka kabla mwaka haujaisha na mengi ya mkataba ule yalibaki kwenye karatasi. Wapiga kura wake walijua hayo yote, na bado walimchagua.

Mwana wa Kisauni:
Kuchaguliwa tena si ushahidi wa kuwa sawa. Kwetu wapo wanaochaguliwa kwa sababu ya basari tu. Ninachokubali ni kwamba aliusoma hadharani. Wetu waaminifu tungewajua kwa hilo: nionyeshe karatasi yako kabla ya kura.

Wakili wa Dodoma:
Basi tazameni pia bajeti aliyoiunga mkono Gregory. Ile ya Machi iliiondoa kodi ya nguo na viatu iliyomwangusha FitzGerald. Yaani "ndiyo" ya Gregory ilipita mahali ambapo "hapana" ya Kemmy ilikuwa imekwisha kufagia, na sidhani kwamba mkataba peke yake ungeweza kumpunguzia Mama Salha bei ya kiatu kimoja.

Mama Salha, Tanga:
Marahaba, mwanangu wa Dublin. Zile nyumba 440, zilijengwa ngapi?