Mashindano ya ahera kwenye Dragon Ball Z: niyaruke au niwaoneshe watoto?

Mtafsiri wa Ujiji (Jumanne, saa 3 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na mnijibu kabla ya Ijumaa maana ndiyo siku banda linajaa.

Nina kibanda cha video hapa Ujiji, Kigoma, njia ya kushukia ziwani. Mabenchi manne, mkeka mbele kwa wadogo, televisheni moja, na spika ambayo ikizidiwa inakoroma kama boti la dagaa. Usiku ni mpira. Saa kumi na moja mpaka magharibi ni zamu ya watoto, kiingilio shilingi 200. Tangu likizo ya Desemba tunakwenda na Dragon Ball Z, ile katuni ya Kijapani ya wapiganaji, episodi mbili kwa siku. Sauti ni ya Kiingereza, kwa hiyo natafsiri mwenyewe kwa maiki, papo kwa papo. Goku, shujaa mwenyewe, nampa sauti ya kijana wa shamba aliyeshuka kwenye treni asubuhi hiyohiyo. Vegeta, mwana wa mfalme mwenye majivuno, nampa ya mjomba wangu mmoja anayedai ukoo wetu ulikuwa wa kitemi.

Sasa vita ya Cell, yule adui mkubwa, imeisha. Siku Gohan, mwana wa Goku, alipommaliza kwa Kamehameha (ule mwale wa nguvu unaotoka mikononi) ya mkono mmoja, banda lilipiga kelele mpaka mama wa migebuka akaja kuuliza kama kuna mtu kapigwa shoti.

Tatizo ni episodi ya 195. Goku keshakufa, ana pete juu ya kichwa, yuko ahera na mwalimu wake, Kai wa Kaskazini (Kai ni mlinzi wa upande mmoja wa ulimwengu), ambaye naye ni marehemu. Goku ndiye aliyempelekea Cell nyumbani kwake, Cell akalipukia hukohuko, kabla hajajiunda upya na kurudi kwa Gohan. (Mzee analalamika kila akipata nafasi, na mimi ningelalamika.) Basi Kai Mkuu anaandaa mashindano ya ngumi baina ya marehemu mashujaa wa pande nne za ulimwengu. Hakuna dunia ya kuokoa. Zawadi yenyewe ni kufundishwa na huyo Kai Mkuu, babu wa ndevu ndefu na miwani ya jua.

Jana niliweka dakika kumi tu. Kijana wa darasa la tano akasimama mbele ya televisheni: "Anko, sasa hapa nani atakufa?" Nikamwambia hakuna, wote wameshakufa. Akadai mia mbili yake.

Halafu baada ya magharibi akaja mama mmoja. Mwanawe kafika nyumbani kamwambia bibi yake kwamba ahera kuna ngumi. Nimeomba radhi, nikamwambia hayo ni ya Wajapani, mama, sisi tunaangalia tu.

Je, niruke 195 mpaka 199, nianze na 200 Gohan akienda shule? Mimi binafsi hizo tano nazipenda kuliko vita yote ya Cell. Ila nikiulizwa kwa nini, nabaki nashika maiki tu.

---

Kijana wa Mwanga (Jumanne, saa 4 usiku)

Ruka mkuu, usijitese. Hizo ni za kujazia. Toriyama, mtunzi wake, alikuwa anachora manga yake (hadithi ya picha za kusoma) kila wiki kwenye jarida la Shonen Jump, na katuni nayo inatoka kila wiki, kwa hiyo katuni ikikaribia kuikuta manga wanabuni vitu vya kupotezea muda. Kwenye manga, Cell akishakufa hadithi inaruka miaka saba, Gohan keshakuwa kijana. Hayo mashindano hayapo. Hata yule Pikkon wa kijani, mpinzani wa Goku kwenye fainali, hayupo, kabuniwa na watu wa katuni.

Halafu jiandae, adui anayefuata anaitwa Buu. Sijui utawatafsiria vipi watoto kwamba ulimwengu mzima unamkimbia buu.

---

Mtafsiri wa Ujiji (Jumanne, saa 4 usiku)

Hilo la Buu nimeliwaza tangu Desemba. Nitamwita Bwana Buu, akija na cheo labda hawatacheka.

---

Sensei wa Katubuka (Jumatano, saa 12 asubuhi)

Kaka, usiruke. Nafundisha karate watoto jioni, kwenye darasa la kuazima, madawati tunayasukuma ukutani. Swali la huyo wa darasa la tano nakutana nalo kila mwezi. Mtoto mgeni akija anataka kujua ngumi gani inaua. Akikaa wiki sita anaanza kuuliza mstari uko wapi.

Uwanja wa karate ya mashindano ni mita 8 kwa 8. Ukitoka nje unaadhibiwa, hata kama ulikuwa unampiga mwenzako vizuri. Kwenye sumo ndiyo kabisa: duara la mita 4.55 upana, ukikanyaga nje umeshindwa, ukigusa chini kwa kitu chochote zaidi ya nyayo umeshindwa. Watu wenye kilo mia na hamsini wanabishania kisigino. Sasa kwenye vita ya Cell mstari uko wapi? Hata jukwaa alilolijenga mwenyewe alilivunja mwenyewe. Ukitoa jukwaa unabaki na nani ana nguvu nyingi, na hilo linajulikana mapema kwa urefu wa nywele.

Huyo ndugu wa Mwanga anasema za kujazia. Sawa, hazimo kwenye manga. Lakini manga yenyewe ilianza 1984 na mwanzoni haikuwa na wasomaji wa kutisha. Iliposhika ni pale walipoingiza mashindano. Yale ya kwanza Goku akiwa mdogo, fainali anapigwa na Jackie Chun, ambaye ni mwalimu wake kavaa nywele za bandia ili mwanafunzi asivimbe kichwa. Hapo nani alikufa? Mwezi tu ndio uliolipuliwa.

Ijumaa wakifika kwa Pikkon, punguza kutafsiri. Waambie waangalie miguu. Na pale anapovua nguo zake nzito, nyamaza kabisa.

---

Binti wa Gungu (Jumatano, saa 7 mchana)

Shikamoo sensei. Nimecheka hapo kwenye nywele.

Kaka mtafsiri, mimi ni mama wa wawili na nilikuwa mtoto wa kwenye mkeka, kibanda cha Kibirizi, enzi hizo tunaingia kwa shilingi hamsini. Wasichana tulikuwa watatu, tunakaa karibu na mlango ili kaka zetu wakija kututafuta tutoke. Nakuomba mambo mawili.

La kwanza, acha neno ahera. Sema "ulimwengu wa pili" au sema "kwa Kai". Bibi atalala usingizi, na wewe hutapunguza chochote.

La pili, umesahau utamu wenyewe. Kai wa Kaskazini na Kai wa Magharibi ni Simba na Yanga. Wanatambiana jukwaani kama wazee wa kahawa, kila mmoja na kijana wake, na hakuna kati yao anayeingia ulingoni. Wape sauti za wazee wa hapo Ujiji unaowajua. Mtoto asiyetaka ngumi atataka huo ubishi. Yule kiwavi anayemtekenya Goku, halafu katikati ya pambano anajifunga kwenye kifuko chake ili ageuke kipepeo, mwanangu alitaka turudie mara tatu.

Goku anacheka kwenye hizo episodi. Kule kwa Cell alikuwa anahesabu.

---

Kijana wa Mwanga (Jumatano, saa 8 mchana)

Dada umenishika hapo kwenye kipepeo. Lakini mwisho wake mbovu, ukubali. Goku anamtupa Pikkon nje, watu wanashangilia, halafu babu anasema wote wawili waligusa dari, wametoka. Huo ni wizi. Mimi naona mzee aliona vijana wamemzidi akaogopa kuwafundisha.

---

Sensei wa Katubuka (Jumatano, saa 1 usiku)

Dari ni mstari pia, mdogo wangu. Kuhusu kuogopa, sibishi. Nina kijana wa miaka kumi na tisa, najua hisia hiyo.

---

Mtafsiri wa Ujiji (Jumapili, saa 2 usiku)

Wakuu, nimerudi. Nilianza upya Ijumaa na 195, jana mbili, leo mbili za mwisho.

Ijumaa ilikuwa mbaya. Umeme ulikatika Pikkon akiwa katikati ya kumpiga Cell huko motoni, na waliotoka nje walikuwa wanasema hii ndiyo sehemu nzuri kumbe inakatika. Wawili hawakurudi. Yule wa darasa la tano nilimwingiza bure, akakaa amekunja mikono.

Jana niliwapa wale Kai sauti za mzee wangu wa duka la baiskeli na shemeji yake, ambao hawajaafikiana jambo tangu nizaliwe. Banda likaanza kugawanyika. Mkeka ukawa Kaskazini, mabenchi Magharibi. Sikupanga.

Leo, Pikkon alipovua nguo, nilinyamaza kama sensei alivyoagiza. Spika nayo ikanyamaza, sijui kwa adabu au kwa uchovu. Ile mbinu yake ya moto ilimpata Goku mara ya kwanza, na mara ya pili. Kabla ya ya tatu, sauti ikatoka kwenye mkeka, bila maiki: "Anamsoma." Ni yule yule wa darasa la tano. Goku akapotea alipokuwa, akatokea palipo wazi, Kamehameha, Pikkon nje. Babu alipotaja dari walikuja juu wote, na ndugu wa Mwanga ungejisikia nyumbani.

Nilidhani wataishia kudai hela. Nimefunga banda nikawakuta chini ya mwembe wa nyuma (si ule wa Livingstone, maana hapa kila mwembe mgeni anauliza kama ndio wenyewe). Wamechora duara kwa kijiti, hatua tano. Ukitoka umetoka. Ukimpiga mtu usoni umetoka na wiki nzima huchezi, hiyo wameitunga wao. Na tawi la chini la mwembe ndilo dari.

Fainali walibaki wawili, binti mmoja wa Livingstone Street na huyo bwana wangu wa mia mbili. Wakashikana, wakarukiana, majani yakadondoka. Nani kaligusa tawi, hakuna aliyeona sawasawa, na watoto kumi na saba wana majibu kumi na saba. Wameniita niamue. Nilipofungua mdomo wakasema hapana, Kai Mkuu haamui bila miwani ya jua.

Pambano limeahirishwa mpaka kesho saa kumi na moja. Miwani sina. Nani yuko Mwanga aniangalizie bei pale sokoni?