Mtumba, nguo mpya ya dukani au ya kushona: ipi ina madhara madogo kwa mazingira?

Fundi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, na msimu wa baridi unapoingia huongeza biashara ya sweta na majaketi ya mtumba, kwa kuwa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane watu wa Uyole hawatoki asubuhi bila kujifunika vizuri. Wiki iliyopita nilifungua belo la sweta pamoja na binti yangu. Za juu zilikuwa nzuri, lakini kadiri tulivyozidi kwenda chini tulikuta zilizotoboka viwiko, zilizosinyaa na kukakamaa, na nyingine zenye madoa ya rangi ya ukuta. Tulipomaliza kuchambua, viroba vitatu vilikuwa vimejaa nguo ambazo hata kwa shilingi mia tano hakuna atakayezichukua.

Jirani alinishauri nizichome nyuma ya kibanda, kama wengi wafanyavyo. Nilijaribu moja tu. Iliyeyuka ikadondoka matone meusi kama lami, na moshi wake ulitukaba hadi nikauzima moto kwa ndoo ya maji. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, akaniuliza kwa nini shuleni wanaambiwa kwamba kuvaa mtumba ni kutunza mazingira. Sikuwa na jibu. Naomba kuelimishwa: kati ya mtumba, nguo mpya za bei nafuu na nguo ya kushona kwa kitambaa cha pamba, ipi ina madhara madogo? Na viroba hivi nivifanyeje?

Mwalimu wa Gangilonga (Iringa)

Dada fundi, pole kwa hasara, na umefanya vyema kuuzima moto huo. Ile sweta iliyodondoka matone haikuwa ya sufu. Ilikuwa ya akriliki au poliesta, yaani plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli na kusokotwa kuwa uzi, na kuichoma uani ni sawa na kuchoma chupa za plastiki karibu na jiko lako.

Kuhusu swali la binti, mwambie kwamba sehemu kubwa ya madhara ya nguo hutokea kabla haijavaliwa hata mara moja. Fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji kuanzia shambani hadi kiwandani, ambazo ni madumu 135 ya lita ishirini. Maji hayo yana mahali yanapotoka. Bahari ya Aral, ambayo zamani ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ilianza kukauka miaka ya 1960 baada ya Umoja wa Kisovyeti kuchepusha mito ya Amu Darya na Syr Darya ili kumwagilia mashamba ya pamba. Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kusimuliwa mambo hayo kwa mbali, kwani tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi, na umwagiliaji wa Usangu ni miongoni mwa sababu, ingawa huko zao ni mpunga. Baada ya shamba kuna rangi: mto Citarum wa Indonesia na Buriganga unaopita Dhaka imechafuliwa vibaya, na maji machafu ya viwanda vya nguo yamechangia.

Kwa hiyo sweta ya mtumba inayovaliwa badala ya kununuliwa mpya inaokoa kitu halisi. Ile iliyofika ikiwa imekwisha haiokoi chochote, ni taka iliyosafirishwa. Kitambaa cha pamba nacho hutegemea asili yake. Pamba ya Shinyanga na Simiyu hulimwa kwa mvua, na Meatu kuna wakulima wanaoilima bila viuatilifu vya viwandani, lakini sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla haijawa kitambaa. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliwaza.

Mzee wa Makambako

Nakubaliana na Mwalimu, ila naongeza jambo moja kwa sababu nimeuza mtumba kwa miaka mingi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru na kusimama pale, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Wengine wetu tulirudi nyuma. Tangu 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinapaswa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine, na nguo hizo zitatafuta pa kwenda. Wafanyabiashara tusipokataa mabelo mabovu kwa pamoja, tutabaki kulipia taka za watu. Hapa tumeanza kununua watu wanne, belo linafunguliwa mbele ya wote, na muuzaji aliyetupa hasara mara mbili haturudi kwake.

Mama wa Makete

Fundi, usitupe viroba hivyo kabla hujavichambua upya. Chomoa uzi mmoja kutoka kila sweta, uushike kwa kibanio, uusogeze kwenye mshumaa. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki na poliesta hujikunja na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Za sufu ndizo dhahabu. Geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiwa umeunganishwa kwa uzi na kingo zake ni nzima, kila kipande cha sweta hiyo kinafumuka kwa uzi mrefu. Ukiwa umekatwa na kupigwa ovaloki, utapata vipande vifupi visivyofaa kufuma. Mimi hufumua kuanzia shingoni, nikazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne, nikauloweka na kuuanika ukiwa na jiwe dogo chini ili ule mkunjo unyooke. Sweta moja ya mtu mzima hunitosha kofia na soksi za watoto wawili. Zilizosinyaa hazifumuki, lakini ni nzito na zina joto, nazikata soli za ndani za gambuti. Za akriliki zikatekate ujazie mito, usizichome.

Fundi wa Mwanjelwa (Mbeya)

Nawashukuru sana. Jana usiku mimi na binti tulikaa na mshumaa hadi saa tano. Katika viroba vitatu tulipata sweta kumi na tisa za sufu, kumi na moja kati yake zikiwa na mshono mzima. Majaketi manne yalikuwa na kosa la zipu tu, na zipu ninazo. Mzee, nimeshazungumza na wenzangu wawili kuhusu kununua kwa pamoja.

Mama, mimi kufuma sijui. Hizo kumi na moja nitakutumia kwa basi la Jumamosi, na kwa malipo naomba unifundishie binti wakati wa likizo.

Mama wa Makete

Zilete, mwanangu. Aje na sindano namba nne na sweta nzito, huku kwetu asubuhi kuna barafu kwenye majani.