Supu ya vitunguu ya Kifaransa: je, yapikika kwenye mbabula bila tanuri?

Mkaaji wa Himbi, Goma
Ndugu wapishi, nawasalimu. Shemeji yangu aliyesomea Ubelgiji atatutembelea mwishoni mwa mwezi, nasi tungependa kumwandalia supu ya vitunguu inayofunikwa kwa mkate na jibini. Maelezo niliyoyasoma yanasema vitunguu hugeuka rangi ya kahawia kwa dakika 10, jambo ninalolitilia shaka, na yote yanadai tanuri na divai nyeupe. Sisi tunapikia makala. Je, itawezekana? Tena, ni kweli kwamba chakula hiki kilianzia mezani pa mfalme?

Mama Katindo
Shaka yako ni ya haki, Baba. Kitunguu kimejaa maji, na mpaka maji hayo yakauke, sukari iliyomo haiwezi kuanza kugeuka kahawia; kwa hiyo kilo 1 ya vitunguu, inayotosha watu wanne, huhitaji dakika 45 hadi saa nzima. Vikate vyembamba, uviweke katika sufuria nzito pamoja na siagi na chumvi kidogo, kisha upunguze makala, kwani moto mkali huunguza kingo huku ndani kukiwa bado kubichi, na uchungu huo hautoki tena. Kila utandu wa kahawia unaposhika chini ya sufuria, mwagia kijiko cha maji na ukwangue, maana ladha yote imo humo. Vikiiva, nyunyizia kijiko cha unga wa ngano, koroga, halafu mimina lita 1 na nusu ya mchuzi wa mifupa ya ng'ombe uliochemshwa tangu asubuhi, uache vichemke pamoja kwa nusu saa.

Tanuri si lazima. Panga mkate mkavu juu ya supu, tandaza jibini, funika kwa kifuniko cha bati na uweke makala ya moto juu yake, kama tunavyooka keki. Jibini ya Masisi huyeyuka vizuri, ila chagua iliyokomaa, kwa sababu ile changa ni pole mno mbele ya utamu wa vitunguu.

Msomaji wa Birere
Kuhusu mfalme, Wafaransa husimulia kwamba Stanislas Leszczyński, aliyekuwa mfalme wa Poland na baba mkwe wa Louis XV, alionja supu hiyo katika nyumba ya wageni alipokuwa akienda Versailles, akaipenda hata akakataa kuondoka kabla ya kufundishwa kuipika. Iwe kweli au hadithi, hapo supu tayari ilikuwa jikoni mwa watu wa kawaida! Sifa zake za Paris zilitokana na soko la Les Halles, ambako wachukuzi waliopakua mizigo usiku kucha waliinywa kabla ya mapambazuko, wakichangamana na matajiri waliotoka dansini. Soko hilo la jumla lilihamishiwa Rungis mwaka 1969, lakini jina lake bado limeambatana na supu hii.

Mkaaji wa Himbi, Goma
Nashukuru sana. Na divai?

Mama Katindo
Kazi yake ni kuleta uchachu kidogo. Matone ya limau mwishoni yanatosha, hasa kwa vitunguu vyetu vyekundu, ambavyo huipa supu rangi iliyofifia. Mkate ukaushe tangu jana yake. Mkate laini huzama.