Mashine mpya imekuja, sisi wa kupaki tunapunguzwa. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, napaki sabuni kiwandani huku Vingunguti mwaka wa 9 sasa. Mwezi uliopita imeletwa mashine, inapanga miche kwenye boksi, inapiga gundi, inafunga yenyewe, pale tulipokuwa watu 14 kwa shifti wamebaki wawili wa kuiangalia na fundi mmoja, na oda nazo zimeshuka, maduka ya jumla hayachukui mzigo kama zamani, kwahiyo hata wenzetu wa mashine zingine hawana amani. Jana tukaitwa, tunapunguzwa. Sheria ya kazi ya 2004 inasema kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwangu hazifiki hata siku 63 za mshahara wa msingi maana mwaka wa 9 haujatimia, na hapo kuna kodi na ada ya watoto wawili. Sasa nikasome umeme chuo cha ufundi VETA Chang'ombe au nifungue genge la kuuza mboga? Wife anasema genge, mi moyo wangu unataka niwe yule fundi wa mashine. Aliyepitia hii anisaidie jamani, usiku silali.