Muziki wa daladala na kitabu mkononi, nyie wenzangu mnasafirije?

Abiria wa Gombo:
Wakuu habari za saa hizi. Nawauliza nyie mnaokwenda mjini na kurudi kila siku, ndani ya gari huwa mnafanya nini? Mimi hapa Dar natokea Gongo la Mboto naenda Posta, ukishavuka Banana mpaka uimalize Tazara foleni ya asubuhi inakushika vizuri tu, basi mimi nikipata siti nasoma. Riwaya za Kiswahili za zamani, zile jamaa wa mjini wanazopanga chini kwenye turubai, karatasi imeshakuwa ya njano na jalada limeshikwa kwa selotepu lakini ndani kurasa zote zipo.

Sasa shida ni muziki. Siupingi, nieleweni. Dereva akiweka dansi la zamani la Marijani Rajab au Sikinde kwa sauti ya wastani nasoma raha mustarehe. Ila akiweka singeli, ule mdundo unaovuka mapigo 200 kwa dakika, na spika wameifunga chini ya siti ya nyuma, nasoma mstari uleule mpaka nakiweka kitabu kwenye begi. Na siyo kusoma tu, hata kushuka inakuwa kazi. Wiki hii kuna mama mtu mzima kasema shusha Vetenari konda hasikii, tukapokezana sauti siti kwa siti, kaja kushushwa Chang'ombe na ndoo yake ya samaki, jua lote lile arudi kwa miguu. Iliniuma sana.

Mimi naona muziki ubaki, lakini wa siti ya mwisho akisema shusha kwa sauti ya kawaida konda amsikie. Nyie mnaonaje?

Konda wa zamani:
Mkuu umeongea vizuri na mimi naomba nikueleze upande wa kazini maana nimesimama mlangoni miaka mingi. Dereva wa asubuhi anaamka usiku wa manane, gari iwe barabarani kabla ya adhana, halafu jioni bado yupo hapohapo kwenye usukani kwa sababu hesabu ya bosi haijui foleni. Muziki ndo unamweka macho. Pia kuna ushindani, Kosta mbili zikisimama kituo kimoja, moja kimya moja inapiga ngoma mpya, vijana wanakimbilia ya ngoma, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Lakini kumpitisha mtu kituo siwezi kulitetea. Konda anayejua kazi anataja kituo mwenyewe kabla ya kufika, kuna anayeshuka Jet? hakuna, twende, na anatazama nyuma siyo anachungulia simu. Ushauri wangu, sauti ikikukera mwambie konda pale unapompa nauli, kwa upole, "kaka tupunguzie kidogo". Ukimfokea dereva toka nyuma ndo anaongeza.

Dada wa Kimara:
Nyie wa daladala angalau mna muziki wa kulalamikia 😀 Sisi wa mabasi ya mwendokasi tangu yaanze 2016 ndani hamna muziki kabisa lakini kusoma nako wapi, jioni pale Gerezani mlango ukifunguka ni kusukumana, ukishaingia mkono mmoja umeshika bomba mwingine umekumbatia mkoba, hicho kitabu utakifungua kwa meno? Kwa hiyo mimi ni hedfoni, sikio moja tu, taarab za Bi Kidude na za kina Siti binti Saad, najikuta nimefika Ubungo sijakasirika.

Kipindi pekee nilichosoma kwa raha ni ule mwaka 2020 wa korona, serikali ilipoamuru leveli siti, daladala zikawa hazisimamishi mtu. Kupata gari ilikuwa vita, hilo lisisahaulike, watu walikaa sana vituoni, ila ukishakaa umekaa, hakuna kwapa la mtu usoni. Ningependa sana irudi hata kwa nauli ya juu kidogo, ingawa najua kuna wasioweza kuongeza hata mia.

Halafu faida moja ya kitabu hamjaitaja, ukikaa dirishani foleni imesimama, simu wanaipora, ila riwaya sijasikia mtu kaporwa.

Msee wa Rongai:
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu muziki ni sehemu ya gari kabisa, mtu wa Rongai anaacha matatu tupu imesimama stage anangoja nganya yenye michoro na skrini na besi ya kutetemesha kifua. Sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, za 2004 zilileta mikanda na ule mstari wa manjano, rangi zikapoa kwa miaka, lakini michoro ilirudi na muziki nao. Mimi naipenda hiyo sanaa kwa moyo wote, kuna vijana wamepata riziki kwa kuchora tu na kufunga spika. Kusoma nasomea kwenye treni ya Mombasa, jioni kwenye nganya mimi naskiza tu, akili imechoka. Lakini mama wa samaki hapana, huyo alikosewa. Makanga hapaswi kusahau wazee.

Abiria wa Gombo:
Konda wa zamani asante, la kumwambia wakati wa nauli nitalifanya kesho asubuhi. Dada wa Kimara hapo kwenye leveli siti tuko pamoja. Sasa nimemaliza kila riwaya ya yule mpelelezi Willy Gamba niliyobahatika kuipata, mwenye riwaya za mwenzake wa vitabuni Joram Kiango tubadilishane, nipo Posta mpaka saa kumi na moja jioni, zikichakaa siyo tatizo mradi kurasa za mwisho zisiwe zimechanika.