Tupeane uzoefu: Wa Nyanda za Juu Kusini mliopanda Kilimanjaro, mlima uliwapokeaje?

Mwana Tukuyu
Wakuu, habari za baridi. Mlima Rungwe nimeupanda mara tatu, asubuhi naondoka, jioni niko nyumbani. Lakini Rungwe haufiki mita 3,000. Desemba, safari ya kuadhimisha Uhuru, nilienda Kilimanjaro nikiamini kifua changu kimeshazoea milima. Njia ya Marangu. Kambi ya Mandara nikafika wa kwanza, kambi ya Horombo, mita 3,720, wa kwanza tena. Usiku kichwa kikawa kinagonga kama mtu anatwanga mahindi ndani, maji nikinywa yanarudi. Nikanyamaza kwa aibu. Aliyegundua ni mpagazi, kijana wa Kichaga: sahani yangu ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Asubuhi wenzangu wakaelekea Kibo, kambi ya mwisho, mimi nikashushwa. Kufika Mandara kichwa kimetulia kabisa, na hapo ndipo nililia. Nyie ilikuwaje?

Baba wa Njombe
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kilichonifikisha ni ile siku ya ziada Horombo. Tulipanda kidogo mchana, tukarudi kulala palepale. Kutoka Kibo tuliondoka karibu na saa sita usiku, hatua moja, pumzi mbili. Chupa ya maji iweke kichwa chini, barafu huanzia juu.

Dada Mafinga
Jamani, hili la kunyamaza ni hatari. Kwenye kundi letu, juu ya Kibo, mzee mmoja alianza kuyumba kama mlevi na maneno yakawa hayaeleweki. Mwenyewe anang'ang'ania kuendelea, ameshalipa hela nyingi. Mwongozaji hakungoja kukuche, alimgeuza usiku uleule wakashuka. Ubongo ukianza kuvimba dawa ya kwanza ni kushuka. Vivyo hivyo mtu akihema kwa shida hata akiwa amekaa, au akikohoa kikohozi cha majimaji.

Kijana Uyole
Shikamooni. Mimi najinoa Mbeya Peak kila Jumamosi. Inatosha?

Mwana Tukuyu
Marahaba. Kwa miguu inasaidia sana, endelea. Ila pale uko mita 2,800 na kidogo, na mimi nilianza kuumwa juu ya hapo. Omba siku ya ziada kabla hujalipia. Mimi narudi Juni, siku sita badala ya tano. Chakula kikikataa, nitasema mwenyewe.