Mawakala wa vyuo vya nje mnatuumiza Kigoma: tumelipia chumba Munich, mtoto akakosa anwani

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Uzi ni mrefu na nina hasira, sitazificha.

Hapa Kigoma mjini kuna wakala anayepeleka watoto kusoma nje. Simtaji jina kwa sababu suala tunalipeleka panapohusika, lakini alichofanya nitakisema chote. Alichukua hela ya familia yetu, akatuambia amempatia mdogo wangu chumba Munich, Ujerumani. Mtoto amefika, amepewa funguo, amelala. Chumba kipo kweli. Ila ni chumba ambacho mwanafunzi mgeni hawezi kukaa akaendelea na maisha yake kihalali, na wakala alilijua hilo kabla hajapokea hata shilingi yetu moja.

Naeleza, maana najua wengi humu mtasema "si amepata pa kulala, kelele za nini?"

Ujerumani ukihamia kwenye nyumba, ndani ya wiki mbili unatakiwa kwenda ofisi ya wakazi ya mji ule ujisajili kwamba unaishi hapo. Sio ombi, ni sheria, na ukichelewa faini yake inaweza kufika euro 1,000. Na huendi mikono mitupu. Unabeba karatasi aliyoisaini aliyekupangisha, inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Karatasi hiyo imekuwa lazima tangu Novemba 2015. Chukulia ile barua ya mwenyekiti wa mtaa ambayo benki wanakudai hapa, kisha uiongezee uzito mara kumi. Usajili huo ndio ofisi ya wageni wanautaka kabla ya kukupa kibali cha ukaazi, kwa sababu viza unayoingia nayo ni ya miezi michache tu. Namba yako ya mlipakodi inatumwa kwa posta kwenye anwani hiyo hiyo, na mwajiri anaihitaji ili akulipe vizuri. Benki nyingi nazo zinauomba ukitaka kufungua akaunti ya kawaida, na bila akaunti ya kawaida ile hela ya viza inayozuiwa benki, nitaieleza hapo chini, haikufikii.

Sasa sikilizeni. Chumba tulichouziwa kilikuwa cha mpangaji mwingine. Yeye kapanga nyumba nzima, akaamua kupangisha chumba kimoja chini chini bila mwenye nyumba kujua. Kule mpangaji haruhusiwi kumweka mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba. Kwa hiyo mtoto alipoomba karatasi, siku ile ile ya kwanza, akajibiwa hapo mlangoni: "Karatasi sitoi. Aliyekuleta nilishamwambia."

Alishamwambia! Wakala wetu alikuwa na taarifa hiyo mkononi, akaja kukaa sebuleni kwetu Mwanga, akanywa chai ya mama, akapokea hela.

Na hela yenyewe niwaambie ilivyopatikana, kwa sababu hapo ndipo damu yangu inapochemka. Mimi nafanya biashara ya dagaa, nanunua Kibirizi napeleka Dar. Michango ya safari hii imeangukia miezi ambayo ziwa limefungwa, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hakuna anayevua. Aliyewahi kuishi hapa anajua mji unavyokuwa kipindi hicho, kuanzia mchuuzi wa kanga hadi bodaboda, wote wanalia. Baba akauza sehemu ya shamba la michikichi, sehemu inayozaa, sio pori. Mjomba wa Kasulu akatoa, shangazi wa Tabora akakopa kwenye kikoba chake na mpaka leo anarejesha.

Hela ya kwanza ni ile ya viza. Ubalozi wa Ujerumani unataka mwanafunzi aonyeshe kwamba ana cha kumtosha mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Inakaa kwenye akaunti maalumu inayozuiwa, mtoto anaruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Kwa shilingi yetu hiyo ni zaidi ya milioni 30. Hiyo hatumlaumu mtu, ni utaratibu wa nchi ya watu, na hela ni ya mtoto mwenyewe.

Hela ya pili ndiyo ya wakala. Alisema kodi ni euro 560 kwa mwezi. Akataka amana ya miezi mitatu na kodi ya miezi miwili, zote kwa mkupuo, kabla ya safari, na juu yake ada yake ya "kutafuta chumba". Jumla ikakaribia milioni tisa na nusu. Mama akamuuliza mkataba uko wapi. Akajibu mkataba unasainiwa kule kule mtoto akifika, hapa anatoa risiti. Baba akasisitiza aone hata nakala. Akasema familia nyingine mbili zinakisubiri chumba hicho hicho, tukichelewa hadi jioni anawapa. Mnaujua ujanja huo, dalali wa chumba Gungu anautumia, dalali wa kiwanja Kasulu anautumia. Ila dalali wa Gungu walau unaweza kwenda naye ukagonge ukuta uone kama ni tofali za kuchoma. Chumba cha Munich tutakigonga kutokea wapi?

Na sheria ya huko inasema nini kuhusu amana? Isizidi kodi ya miezi mitatu, ikihesabiwa kodi tupu bila gharama za kupasha joto na maji. Na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, ya kwanza siku mkataba unapoanza. Kwa hiyo aliyetuambia "Wajerumani wanataka yote mapema" alituongopea. Mjerumani hakuitaka mapema, aliyeitaka mapema yuko hapa hapa mjini.

Halafu ikaja ile euro 560. Mtoto kufika anaambiwa hiyo ni kodi ya kuta tu. Joto la nyumba, maji, taka na umeme ni 130 nyingine, jumla 690. Kule matangazo ya vyumba yanaonyesha bei mbili, ya kodi tupu na ya kodi na gharama zake, na kila anayefanya kazi hii anajua ni ipi ya kumwambia mzazi. Sisi tulipewa ile ndogo ili tukubali haraka.

Chukueni kalamu. Mtoto anatoa 992 kwa mwezi. Toa 690 ya chumba. Toa bima ya afya ya wanafunzi, ambayo ni lazima, kama 140. Imebaki 162. Kuna na ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo, mnaoishi pamoja mnagawana. Kinachobaki ndiyo chakula, nauli, simu, vitabu, na koti la baridi kwa mtoto aliyezaliwa Ujiji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Munich hatukuichagua sisi. Mdogo wangu alipata vyuo viwili, kimoja Munich na kingine mji wa mashariki mwa Ujerumani. Yeye mwenyewe alitaka cha mashariki. Wakala ndiye aliyemsukuma mzee: Munich ni jiji kubwa, kazi zimejaa, mtoto atajilipia mwenyewe na kuwatumia na nyie. Munich ndio mji ghali kuliko yote Ujerumani kwa chumba cha mwanafunzi! Taasisi ya Moses Mendelssohn huwa inapima bei za vyumba kwenye nyumba za kushirikiana. Mwaka 2024 wastani wa nchi ulikuwa euro 489, Munich 790. Mji kama Chemnitz, huko huko mashariki, uko chini ya 350. Na zile 992 hazibadiliki, ukae Munich ukae Chemnitz, ni hizo hizo. Mtoto wa masikini akichaguliwa mji, amechaguliwa pia atakula mara ngapi kwa siku. Hizo kazi zilizojaa, mwanafunzi wa nje ana kikomo cha siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, na mtoto asiye na usajili wala namba ya mlipakodi ataajiriwa na nani?

Kwa nini alitaka Munich? Kwa sababu ndiko alikokuwa na mtu wake mwenye chumba cha kuuza. Sioni sababu nyingine.

Tulimuuliza pia kuhusu hosteli. Mimi mwenyewe ndiye niliyemuuliza, nikaambiwa "hosteli za serikali ni za Wajerumani, mgeni hapewi." Uongo mtupu. Kila eneo lenye vyuo kuna chombo kinaitwa Studierendenwerk, ndicho kinachoendesha mabweni ya wanafunzi na mikahawa yao. Mwanafunzi aliyedahiliwa anaomba mwenyewe mtandaoni, awe wa Berlin, awe wa Kigoma. Bei ni nafuu kuliko mtaani. Foleni ipo, tena Munich ni ndefu, mtu anaweza kusubiri mihula kadhaa, ndiyo maana unatakiwa kuomba mapema kabisa mara dirisha linapofunguka. Sisi barua ya udahili ilifika tukiwa na muda. Muda huo aliutumia kutuzungusha kuhusu chumba chake.

Miezi ile ya Oktoba na Novemba sitaki hata kuikumbuka. Mwenye nyumba halisi akagundua kuna mtu wa ziada, akawapa notisi wote. Mdogo wangu akahamia kwa kijana wa Kitanzania anayesoma huko, akalala chini, lakini bwenini pale mgeni haruhusiwi kujisajili. Siku za viza zinayoyoma. Mama alikuwa haongei, anasali tu.

Tukampigia wakala. Alichosema nakiandika neno kwa neno: "Mimi nilitafuta chumba na chumba mlipata, ya huko malizaneni huko." Baadaye akampigia mtoto moja kwa moja, akamwambia kuna jamaa anauza karatasi ya anwani kwa euro 200, ainunue akajisajili kwenye nyumba asiyoishi. Wakuu, hilo ni kosa! Anayetoa anwani ya namna hiyo faini inaweza kufika euro 50,000, na mwanafunzi aliyedanganya ofisi ya serikali anakwenda kuombaje kibali tena? Alikuwa tayari kumfungisha mtoto virago ili asirudishe hela. Mdogo wangu alikataa, namshukuru Mungu kwa akili aliyompa.

Aliyemwokoa ni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chenyewe. Wakampa orodha, akamwandikia mama mmoja mtu mzima anayepangisha chumba nje kidogo ya jiji, akahojiwa, akakubaliwa, karatasi ikasainiwa mezani. Bure. Huduma hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, barua pepe yao iko kwenye barua ya udahili.

Kuna wachangiaji wameshaanza kunijibu kwamba huu ni ushamba wa watu wa mwisho wa reli, kwamba mtandao upo, tungetafuta wenyewe. Nawaomba mniheshimu. Mzee wangu ni mkulima wa chikichi, Kijerumani hajui, na alilipa mtu ili afanye kazi ya kujua. Fundi akikujengea nyumba ikaanguka huambiwi wewe ni mshamba wa kutojua nondo. Aliyekula hela ya kujua ndiye anayewajibika.

Wazazi wenye watoto wanaoondoka muhula ujao, Ujerumani hasa, mdaini wakala vitu hivi kabla ya kutoa chochote. Mkataba wenye jina la mwenye nyumba na anwani kamili. Kama ni mpangaji anayepangisha, ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Jibu la maandishi kwamba karatasi ya kujisajili itatolewa. Bei ikiwa na joto na maji ndani. Akikwambia mwenye nyumba yuko nchi nyingine, funguo zitatumwa kwa posta ukishalipa, huyo ni tapeli, ondoka. Na mtoto aombe bweni mwenyewe sambamba na hayo yote, asisubiri ruhusa ya mtu.

Sisi tunachodai ni amana, kodi ya mwezi wa pili ambao mtoto hakukaa, na ada ya kutafuta chumba. Risiti zote ninazo, ujumbe wake wa WhatsApp ninao, na sauti ile ya karatasi ya euro 200 ninayo. Nimeshaongea na familia moja ya Katubuka waliofanyiwa hivi hivi na mtu huyu huyu, wao mtoto wao yuko mji mwingine. Jumatatu tunakwenda polisi pamoja. Kama na wewe ulimlipa, uwe Kigoma, Kasulu, Uvinza au Tabora, nitumie ujumbe wa faragha kabla ya Jumapili jioni, uje na risiti yako.